Futeni ile video ya binti wa benchi. Yangu ya 2017 haikupigwa picha, na bado inauma

#1 Mleta uzi

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa Busia, upande wa Uganda. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Tangu Jumapili kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Binti wa netiboli, mwanafunzi wa chuo, anaingizwa robo ya mwisho. Anapokea mpira, anakimbia nao hatua nne au tano, jambo lililokatazwa kwenye netiboli, kipenga kinalia, anabaki amesimama katikati ya uwanja ameziba mdomo kwa mikono miwili. Wameiwekea muziki na vikaragosi vya kucheka. Nimetumiwa mara sita, na katika hao sita wawili ni watu ninaowaheshimu sana. Kilichonichoma zaidi ni kwamba aliyekuwa anarekodi hakuishia pale. Alimfuata hadi benchi, akamvuta karibu kwenye kioo wakati binti wa watu anajifunika uso kwa taulo.

Ombi langu ni moja: ifuteni. Na nyinyi mnaofundisha timu nina neno na nyinyi, nitalifikia.

Mwaka 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni, Kampala. Chuo sikitaji na wenzangu siwataji. Nilikuwa kwenye timu ya netiboli, lakini ndani ya timu kuna wanaocheza na kuna wanaosugua benchi, na mimi nilisugua benchi misimu miwili. Timu inaandikisha wachezaji 12, uwanjani wanasimama 7. Katika wale watano wa akiba mimi nilikuwa wa mwisho. Nafasi yangu tangu sekondari ilikuwa GA, mshambuliaji anayeruhusiwa kufunga, na mbele yangu walikuwepo wawili walionizidi. Sikuonewa. Walinizidi kweli.

Asiyewahi kukaa benchi anadhani ni kukaa tu. Nilikuwa nafika wa kwanza kuhesabu bibu, vile vitambaa vyenye herufi tunavyovaa juu ya jezi, saba zetu na saba za mazoezi, nahakikisha hakuna iliyobaki kwenye begi la mtu. Nilikuwa na kikata kucha mfukoni kila mechi, kwa sababu waamuzi wa netiboli hukagua vidole kabla ya mchezo na mwenye kucha ndefu haingii. Nimewakata kucha wenzangu ndani ya kosta inayotembea, barabara ya mashimo, bila kumtoa mtu damu. Nilishika hereni zao, pete zao, simu zao. Nilijua nani anataka maji ya baridi na nani yanamkwama kifuani. Mazoezi yakiisha, wote wakienda kuoga, nilibaki peke yangu chini ya nguzo nikitupia, mipira 50 kila jioni, mpaka pete ya goli haionekani tena kwa giza.

Kocha wetu alikuwa askari mstaafu. Kampala ukizungumza Kiswahili watu wanakutazama kama umetoka kambini, Katiba iseme itakavyosema tangu ilipokitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mzee yule Kiganda chake kilikuwa cha shida, Kiingereza hakukipenda, akipandwa na hasira kinabaki Kiswahili peke yake. Sisi wa Busia Kiswahili tumekinyonya sokoni na mpakani, kwa hiyo timu nzima mimi ndiye nilikuwa namsikia neno kwa neno. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "wewe wa Busia". Nilimpenda, na nilitamani siku moja anione.

Kwa wasioijua netiboli, nieleze kidogo, maana kisa chote kimekaa hapo. Kila mchezaji amevaa herufi kifuani na mgongoni, na herufi hiyo ndiyo inayompangia aende wapi. Uwanja umegawanywa sehemu tatu kwa mistari. GA anaruhusiwa sehemu ya kati, sehemu ya mbele na ndani ya nusu duara la kufungia. WD, yaani mlinzi wa pembeni, anaruhusiwa sehemu ya nyuma na ya kati tu. Sehemu ya mbele si yake. Akikanyaga tu ng'ambo ya mstari ameotea, mpira unakwenda kwa wapinzani. Na kufunga wanafunga wawili peke yao, GS na GA. C ni mchezaji wa katikati, WA ni mshambuliaji wa pembeni, GK na GD ni walinzi wa goli.

Ilikuwa nusu fainali ya michezo ya vyuo. Robo ya nne, zimebaki kama dakika sita, tumelingana 31 kwa 31. WD wetu aliruka, akatua vibaya, kifundo cha mguu kikamgeuka. Msaidizi wake hatukuwa naye, ada ilikuwa haijakamilika na usajili wake ukakwama. Kanuni za wakati ule zilikuwa hivi: mwamuzi akisimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, ndani ya sekunde 30 aliyeumia awe ametoka na anayemrithi awe ameingia. Sekunde 30, wadau. Kocha akageuka, akatupitia kwa macho, yakaishia kwangu.

Alimvua yule dada bibu akiwa bado amelala chini. Ilikuwa imelowa jasho, nzito, ya moto. Akanivisha mwenyewe kichwani, akanibana velkro ubavuni, akaniambia, "Wewe wa Busia, mkabe WA wao, usimwache." Basi. Hayo ndiyo mafunzo yote niliyowahi kupewa ya kucheza WD.

Na kuna jambo huwezi kulijua mpaka ulivae. Bibu yako huisomi. Imekulalia kifuani chini ya kidevu, nyingine iko mgongoni. Wanaoisoma ni wenzako. Wewe uliyeivaa unaisikia mwilini kama kitambaa tu, na mwili wangu kwa miaka sita ulikuwa unajua kitambaa hicho kimeandikwa GA.

Hili linalofuata hakuna anayelikumbuka, nami nalisema kwa sababu lilitokea: mpira wa kwanza niliunasa. WA wao alinyoosha mkono, mimi nikawa nimeshafika, nikaukata hewani kwa vidole vya kushoto na kuudaka. Nikampa C wetu. Benchi lote likaruka. Nikamsikia kocha, sauti yake ya gwaride, "Panda! Panda!"

Alikuwa sahihi. Kwa WD, kupanda ni kusogea hadi kwenye mstari umsaidie C, unasimama hapo. Kwa GA, kupanda hakuna mstari mpaka nguzo. Nilipanda kama GA. Nilikata kona, nikavuka, nikanyoosha mikono, na C wetu akanirudishia pasi nzuri ya kifuani. Kipenga kililia wakati huohuo. Mashabiki wetu walikuwa na ngoma mbili na vuvuzela, sikukisikia. Niliingia nusu duara, nikageuka, nikakunja magoti, mpira ukakaa kwenye ncha za vidole kama nilivyozoea kila jioni, nikaurusha. Uliingia bila kugusa chuma.

Nikainua mikono, nikatafuta mtu wa kumkumbatia.

GS wetu alikuwa amenipa mgongo. C alikuwa amesimama kwenye mstari ameshika kichwa. Walinzi wao hawakuruka hata kunizuia, na ndipo nilipoelewa kwa nini nilipata nafasi kubwa vile. Mwamuzi alikuwa amenyoosha mkono kuelekea upande wao. Uwanja ulinyamaza kidogo, kisha kicheko kikaanzia upande wa mashabiki wao, kikazunguka mpaka upande wetu. Mpira ulikuwa umedunda chini ya nguzo. Ilibidi niufuate, niuokote na kuupeleka kwenye mstari nilikootea, nimkabidhi WD wao ambaye alikuwa ananisubiri ameshika kiuno. Zilikuwa kama mita tisa. Nikifumba macho naona vumbi jekundu kwenye kamba za viatu vyangu, maana nilitembea nikizitazama hizo.

Walianzisha, wakafunga. Dakika tano zilizobaki sikugusa mpira, na si kwamba haukuja. Ulikuja mara tatu upande wangu na mara tatu nilirudi nyuma. Tulifungwa 34 kwa 33.

Ndani ya kosta hakuna aliyenitukana, na hakuna aliyenisemesha. Kocha alikaa mbele na dereva. Wiki iliyofuata jina langu bwenini likawa Ofusaidi. Nikipita ngazini, Ofusaidi. Nikiwa kwenye foleni ya posho na maharagwe, Ofusaidi. Wengi hawakuwa na ubaya, waliona ni mzaha wa kawaida. Mwisho wa muhula nilizifua bibu zote 14, nikazikunja, nikaziacha kwenye meza ya ofisi ya michezo. Sikurudi tena.

Mwaka 2018 mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu yalifanyika Makerere na Uganda ikabeba kombe. Nilikwenda kutazama. Nchi nzima inashangilia, mimi macho yangu yako kwenye benchi, nawaangalia wale waliovaa vizuri, wamefunga nywele vizuri, hawaitwi. Nililia kwenye boda boda nikirudi, dereva akaniuliza, "Nnyabo, nani amekufa?"

Sasa makocha, neno langu. Yule binti wa kwenye video hakukimbia na mpira kwa sababu hajui netiboli. Kutembea na mpira ni kosa la kwanza kabisa unalofundishwa darasa la nne. Alikimbia kwa sababu mwili wake haukuwa umecheza. Akili inajua kanuni, miguu inajua mazoea, na akiingizwa ghafla mbele ya watu inayoamua ni miguu. Mnamkalisha binti mwaka mzima, mazoezini mnampa kuokota mipira iliyotoka, kisha mnamtupa uwanjani dakika ngumu kuliko zote. Akikosea, anayechekwa ni yeye.

Mimi sasa nawafundisha mabinti wa shule moja hapa Busia. Kila Jumatano bibu zinaingia kwenye gunia, kila mtu anachomoa bila kutazama. Ukichomoa GK na wewe ni mfupi kuliko wote, unacheza GK. Na siku ya mechi, kabla sijamwingiza mtu, namshika mabega namuuliza, "Mstari wako uko wapi?" Anausonta kwa kidole ndipo anaingia. Hata kama sekunde zinakwisha.

#2 Kipa wa Akiba

Dada, mimi ni mmoja wa walioituma ile video. Nimeifuta kwenye magrupu mawili. La tatu muda wa kufuta ulikuwa umepita, nimewaandikia nikiwaomba kila mmoja aiondoe kwenye simu yake. Wanne wamejibu kuwa wameiondoa. Samahani.

Nilipaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Nilikuwa kipa wa pili wa timu ya chuo, mpira wa miguu, niko Tororo siku hizi. Kipa wa kwanza alitolewa kwa kadi nyekundu dakika za mwisho, nikaingia. Mpira wa kwanza kunijia ulitoka kwa beki wangu mwenyewe, amenirudishia kwa mguu, taratibu kabisa. Nikaudaka. Kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake imekatazwa tangu mwaka 1992, mimi nilikuwa sijazaliwa, na sheria hiyo naijua kama jina langu. Wakapewa faulo ndani ya boksi letu, wakafunga.

Nimekaa nikifikiria ulichoandika kuhusu miguu na mazoea. Mazoezini kazi yangu ilikuwa kupigiwa mashuti. Washambuliaji wanapanga foleni, wananipiga, nadaka, nawarudishia. Miaka miwili hakuna beki aliyewahi kunirudishia mpira, kwa sababu mabeki walikuwa wanafanya mazoezi na kipa wa kwanza. Mikono yangu ilikuwa inajua jambo moja: kinachokuja, daka. Hili nimelielewa leo usiku huu.

#3 Mwalimu wa Michezo

Niko upande wa Mbale, nafundisha shule ya serikali, netiboli na riadha. Dada, pole kwa yaliyokukuta na nakuheshimu kwa kuyasema. Lakini nataka nikupinge kidogo.

Nina mabinti 40 wanaotaka kucheza. Mpira ni mmoja, wa pili umepasuka ngozi. Bibu ni seti moja, na C ilipotea muhula uliopita, tunaandika kwa chaki kwenye fulana. Kengele ya kutoka inalia saa kumi na nusu, na wanaotoka mbali lazima wafike kwao kabla ya giza. Mwalimu mkuu anauliza swali moja tu: kombe liko wapi? Nikichezesha gunia la bahati nasibu kila wiki, saba wangu wa kwanza hawatazoeana, tutatolewa hatua ya kwanza, na mwaka ujao hata huo mpira mmoja sitanunuliwa. Unaposema makocha wanawatupa mabinti uwanjani, kumbuka na sisi tumetupwa.

Kuhusu video niko na wewe mia kwa mia. Mtu mzima kumrekodi mtoto wa mwenzake anavyolia ni jambo la aibu.

#4 Mleta uzi

@Kipa wa Akiba, asante, kaka. Umenifanya nisimame kidogo kuandika. Na ile ya kuwa mabeki walifanya mazoezi na kipa wa kwanza peke yake nitaikumbuka, maana hata netiboli iko. GK wa akiba hajawahi kusimama na GD wa kwanza.

@Mwalimu wa Michezo, nimekusikia, na neno "wanawatupa" nalirudisha. Mwaka wa kwanza hapa nilikuta mpira mmoja na nguzo isiyo na pete, tumefunga waya wa ndoo. Kwa hiyo nisikujibu kwa maneno matupu, nikwambie tulivyofanya.

Bibu tulishona. Shuka kuukuu mbili za mama yangu, moja nyeupe, moja ya bluu. Kila bibu ni kipande kirefu cha mstatili chenye tundu la kichwa katikati, kamba mbili kila ubavu badala ya velkro. Herufi tulichora kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mlango wa kantini, na brashi ya viatu. Ubaya wa rangi hiyo, inakakamaa na kukwaruza shingo. Siku hizi tunazikata herufi kwenye kitambaa cheusi na kuzishona kwa mkono.

Kuhusu muda, si lazima iwe siku nzima. Chukua dakika kumi za mwisho, siku moja kwa wiki. Saba wako wa kwanza wanabaki saba, ila unamtoa mmoja, unamwingiza wa akiba kwenye nafasi ya huyo, pamoja na wale sita halisi. Wiki ijayo unamtoa mwingine. Hawa sita hawapotezi mazoea, na yule wa akiba anajifunza na watu atakaocheza nao. Mimi ningepewa hizo dakika kumi mara moja tu, nimevaa WD, C yule mbele yangu, nadhani ningeukumbuka mstari.

Kombe sina la kukuonyesha, Mwalimu. Mwaka jana tulitolewa robo fainali. Katika mechi hiyo niliingiza watatu kutoka benchi na hakuna aliyepotea.

#5 Mama wa Arua

Binti zangu, na kaka zangu, hamjambo. Mimi si mtu wa michezo, nimeletewa uzi huu na mdogo wangu. Huku kwetu Arua kila mtoto wa kike mrefu anaambiwa atakuwa Peace Proscovia, kwa sababu alitoka huku, akaenda kucheza Uingereza na Australia, mpaka akawa nahodha wa She Cranes, timu ya taifa ya netiboli ya Uganda. Wangu pia aliambiwa hivyo tangu ana miaka kumi. Sasa yuko chuo mwaka wa kwanza, yuko benchi, na ananipigia simu kila Jumamosi usiku. Hasemi kitu kikubwa. Anasema, "Mama, leo pia sikuingia." Mimi naishiwa maneno. Namwambia Mungu yupo, naye ananyamaza.

Nisaidieni. Mama yako wewe alikuambia nini?

#6 Mleta uzi

Mama, shikamoo.

Mama yangu hakujua kwa muda mrefu. Anauza dagaa na mihogo mikavu sokoni hapa mpakani, alikuwa anajua tu kwamba nachezea chuo, na amewaambia wateja wake wote. Nilimwambia nikiwa nimeshaacha. Hakunifariji. Aliuliza, "Ule mpira uliounasa mwanzo, uliunasaje?" Nikamwonyesha, palepale kati ya magunia, mkono wa kushoto, vidole hivi. Akataka nirudie. Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kuhusu ule mpira, na shuka za bibu ni zake, kama nilivyosema.

Kwa hiyo akipiga Jumamosi, muulize aliona nini. Aliye benchi anaona mchezo wote. Muulize nani wa upande ule alikuwa anachoka, pasi za C zilikuwa zinakatwa upande gani. Ataanza taratibu, halafu hatanyamaza. Na muulize kama mazoezini anavaa bibu au anaokota mipira. Kama anaokota tu, amwombe kocha dakika kumi, kwa adabu, si siku ya mechi. Mimi sikuwahi kuomba. Nilingoja kuonekana.

#7 Wa Katikati

Nimesoma mara mbili. Mikono inatetemeka, mtanisamehe makosa ya kuandika.

Mleta uzi, mimi ndiye C. Chuo hukukitaja lakini 34 kwa 33 naijua, na kucha zangu ulizikata wewe, tukiwa tumepita msitu wa Mabira.

Umesema ulichokiona, na mimi niseme nilichokiona. Uliandika kwamba bibu yako huisomi, wanaoisoma ni wenzako. Mimi niliisoma. Ulikuwa umenigeukia, umenyoosha mikono, WD imeandikwa kifuani kubwa kama ubao wa duka, na uko ng'ambo ya mstari. Niliiona kabla mpira haujaniponyoka vidoleni. C akishika mpira ana sekunde tatu. Nilikuwa nimebakiwa na moja, GA wetu amekabwa, wewe ulikuwa peke yako na uso wako ulikuwa na uhakika kuliko wa mtu yeyote uwanjani siku ile. Nikakupa. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, langu na lako, na mimi nilishika kichwa ili watu wadhani namshangaa mtu mwingine.

Kwenye kosta nilikaa kiti cha nyuma yako. Nilitaka kusema. Kisha wakaanza kukuita Ofusaidi, na kila siku ilivyopita ikawa ngumu zaidi, mpaka ukaacha timu, na mimi nikachaguliwa mchezaji bora wa msimu. Kile cheti nimekificha kwenye sanduku, sijawahi kukitundika. Sikukuita jina lile hata siku moja, lakini pia sikumzuia aliyekuita. Miaka yote hii, bambi, nikikumbuka nakosa amani.

Nisamehe, dada.

#8 Kipa wa Akiba

Watu wazima tunalia huku Tororo.

#9 Mleta uzi

@Wa Katikati, nimekaa na simu mkononi tangu magharibi.

Sijui niandike nini hapa mbele ya watu. Nimezoea kuwa peke yangu pale kwenye mstari. Nimeurudia ule mchezo mara nyingi sana kichwani, na kwenye huo ninaourudia wewe huna uso, ni mikono tu inayotoa pasi. Sasa nakuona na wewe umebakiwa na sekunde moja. Hukuwa na mtu mwingine wa kumpa. Hata mimi ningekupa.

Nimekusamehe. Na cheti kile ulistahili, ulikuwa C mzuri kuliko wote niliowahi kuwakalia benchi. Kitundike.

Nimekuandikia ujumbe wa faragha, umesema uko Jinja. Jumatano hii tunaanza saa kumi, uwanja uko nyuma ya shule, utaona nguzo mbili za bomba, moja imeinama kidogo. Nina binti anaitaka C kwa moyo wote, ana mapafu ya farasi lakini anashika mpira mpaka sekunde zinamwishia, na mimi kumfundisha hilo siwezi, sijawahi kuicheza. Njoo na viatu. Na kama una kipenga njoo nacho, chetu kimeingia mchanga.

Makosa mengine tutayaongea tukiwa tumekaa.

#10 Mwalimu wa Michezo

Dada, kabla hujalala. Zile kamba za ubavuni, ulizishona upande mmoja au zote mbili? Na tundu la kichwa upana gani? Mke wangu ana cherehani, na shuka ipo.

#11 Mleta uzi

Zote mbili, Mwalimu, upande mmoja inazunguka mtoto akikimbia. Tundu kata shubiri moja na vidole viwili, kisha pinda ukingo na kushona, la sivyo litachanika wiki ya kwanza. Anzeni na C.